Mifupa ya Mbuzi

Kwenye karakana ya Spoki kila kitu kilikuwa na jina la pili. Spoki mwenyewe aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Watani walidai kwamba akiinama nyuma ya gurudumu inabidi umwite kwanza, aitike, ndipo ujue yupi fundi na ipi spoki. Tairi lililolika hadi nyuzi liliitwa mstaafu. Breki isiyoshika iliitwa ahadi ya mkubwa. Na fremu tupu, iliyovuliwa magurudumu, usukani, kiti na mnyororo, ikabaki mabomba ya chuma peke yake, iliitwa mifupa. "Nisogezee ile mifupa" maana yake nisogezee ile fremu, basi, na hakuna aliyeona ajabu. Maneno ya kazini ndivyo yalivyo. Yakishauzoea mdomo hayaombi ruhusa ya kutoka.

Wateja nao hawakupona. Mtu na baiskeli yake walihesabiwa kitu kimoja, wakabandikwa jina moja. Mwalimu mmoja mnene aliyekatakata spoki kila wiki aliitwa Tangi, na baiskeli yake Tangi, kwa hiyo mtu akisema Tangi amepasuka ilibidi uulize: wa juu au wa chini? Shemeji yake Spoki, mume wa mdogo wake wa kike, ndiye aliyeitwa Mbuzi. Hakukuwa na mwamba ambao hakuupanda na baiskeli yake, mzee mzima na kazi yake ya kupima viwanja, akashuka upande wa pili anacheka, magoti yamechubuka kama ya mtoto wa shule. Baiskeli yake ilikuwa ya milimani, ya zamani, ya siku zile chuma kilipokuwa chuma, na yenyewe pia ilikuwa Mbuzi.

Kisha Mbuzi akapotea, wote wawili. Aliondoka Jumapili moja asubuhi kuelekea vilima vya nyuma ya mji, akasema atarudi kwa chakula cha mchana, na chakula kikapoa. Walimtafuta mabondeni, wakamtafuta hospitalini, wakabandika picha yake kwenye nguzo mpaka mvua ikazibandua. Hakupatikana mtu, haikupatikana hata kengele. Ulikuwa mwaka wa tatu sasa.

Kazi ya kusubiri iliwaangukia wanawake wawili waliobaki ndani ya nyumba moja: dada yake Spoki, na mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Bi Mkubwa hakuwahi kulia. Mwanangu yuko safarini, alisema, na mtu aliyeteleza ulimi akasema marehemu alisahihishwa pale pale, bila hasira, kama mwalimu anavyosahihisha tahajia. Dada yake Spoki alikuwa mshonaji hodari kwenye kiwanda kidogo cha sare. Chuo kimoja cha ufundi katika mji wa mbali kilimtaka akafundishe kukata nguo, pamoja na nyumba ya kukaa. Mara ya kwanza alikataa. Sasa walikuwa wamemuuliza tena, na ilionekana wazi hawatauliza mara ya tatu. Bi Mkubwa alipopata habari hakugomba. Aliuliza tu, kwa upole uliokata maini: mumeo akirudi akukose, nimwambie nini? Swali hilo lilimfunga mtoto wa watu kuliko kamba. Kama ni mke, abaki. Kama ni mjane, aende. Lakini nani wa kumwambia yeye ni nani?

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi Spoki alipokwenda kwa Waziri wa Vyuma kutafuta pedeli.

Waziri wa Vyuma hakuwa na wizara zaidi ya uwanja uliozungushiwa mabati, umejaa vitanda vilivyopinda, mageti, injini zilizokufa na masufuria yasiyo na matako. Spoki alikuwa anapekua chini ya rundo la vitanda, anamtania Waziri kwamba bajeti ya mwaka huu imeoza, aliposhika bomba moja akalifinya. Akaacha maneno katikati. Aliligonga kwa ukucha. Chuma cha siku hizi ukikigonga kinakohoa, hiki kiliimba. Akavuta, ikatoka fremu ya baiskeli iliyopakwa rangi ya geti, kijani kibichi kama mtu aliyetaka kuificha porini. Uma wa mbele haukuwepo. Nyuma kidogo ya shingo, bomba la juu na la chini yalikuwa na kunyanzi, kama mkono wa shati uliokunjwa.

Alimwambia Waziri kwamba anataka kutengenezea kamba ya kuanikia nguo. Waziri akamtazama, akasema kamba huwa haitengenezwi kwa chuma, lakini fundi ni wewe.

Karakanani aliilaza mezani, akafunga mlango nusu. Tayari alikuwa ameona vya kutosha: waya za breki na gia zilipita juu ya bomba la juu, si chini yake, kama zilivyopita kwenye fremu za milimani za zamani, mabomba yalikuwa membamba, yameunganishwa kwa shaba. Lakini fremu za namna hiyo zilitengenezwa nyingi. Aligeuza akatazama chini, pale pedeli zinapopita, mahali ambapo kiwanda hugonga namba. Kutu ilikuwa imekula namba karibu zote, ikaacha saba moja na kitu kilichoweza kuwa tatu au nane. Isingemsaidia hata kama ingekuwa nzima, maana namba ya Mbuzi hakuna aliyewahi kuihifadhi. Mbuzi mwenyewe alikuwa akisahau hata siku yake ya kuzaliwa.

Basi Spoki akaichukua tina ya kuyeyushia rangi na kitambaa, akaanza shingoni. Alitaka rangi ya chini. Chini ya kijani palikuwa na nyeusi, chini ya nyeusi ikachomoza zambarau, ile zambarau inayofifia kuelekea fedha. Alisugua shingo yote, akasugua kunyanzi, akasugua bomba la juu lote mpaka kwenye kiti, anahema kama anayekimbizwa. Mwisho akageuza nyuma, kwenye sikio la kulia ambapo gurudumu hukaa, akapitisha kidole gumba. Kikagusa uvimbe mdogo.

Ilikuwa kazi yake mwenyewe. Sikio hilo liliwahi kuvunjika, akaliunga kwa shaba, tone moja likamponyoka likaganda nje, duara, linang'aa. Alitaka kulipiga tupa. Mbuzi alicheka mpaka akaketi chini. "Shemeji, umeniotesha chunusi," alisema, "usiitumbue." Na haikutumbuliwa.

Spoki alisimama pale na kidole juu ya ile chunusi, machozi yanamlenga, furaha imemjaa kifuani haijui pa kutokea. Akachukua simu. Vidole vilikuwa vimejaa grisi, kuandika hawezi, akabonyeza akasema kwa sauti:

"Mdogo wangu, nimepata mifupa ya Mbuzi. Ni yenyewe, nimeihakikisha kwa mikono yangu. Iko hapa kwangu, nimeilaza mezani. Njoo."

Sauti ilimtetemeka, na tina ilikuwa imemwingia puani, akavuta kamasi mara mbili kabla hajaachia kitufe. Akatuma. Kisha akaifunika fremu kwa shuka kuukuu ili dada yake aione kwa mshangao, akaketi kumsubiri.

Hakuja dada. Alikuja kinyozi wa duka la pembeni, na aproni yake imejaa nywele za watu. Akamshika Spoki mikono yote miwili.

"Pole sana, kaka," alisema. "Angalau yamekwisha."

Spoki alishukuru. Akamwambia wala si mbaya kama alivyoogopa. Ni kutu ya juu juu, akiipiga msasa itang'aa.

Kinyozi aliachia mikono.

"Unataka kuipiga msasa?"

"Na rangi. Rangi atachagua dada."

Kinyozi akatazama meza, akatazama shuka, akatazama urefu wa kitu kilicholala chini ya shuka. Alirudi nyuma hatua moja, akajikwaa kwenye mstaafu. Akasema polepole, kama anayesema na mtu mwenye homa, kwamba huzuni inamjia kila mtu kwa namna yake, lakini watu wamekwisha kujaa kwa Bi Mkubwa, viti vinaazimwa, na yeye kama mwanamume wa familia ingefaa aende huko, hiyo kazi ya msasa waachiwe wengine.

Hapo ndipo Spoki alipolisikia neno lake mwenyewe kwa masikio ya watu. Alifunua shuka kumwonyesha kinyozi mabomba ya zambarau, akafungua mdomo aeleze, na badala ya maneno kikatoka kitu kama kwikwi. Kinyozi alielewa. Kwa bahati mbaya alicheka, kisha akajiziba mdomo kwa aproni.

Simu ya dada, kumbe, ilikuwa nyumbani inachajiwa, maana kiwandani umeme ni wa cherehani tu. Bi Mkubwa aliona jina la Spoki, akabonyeza akasikiliza. Akarudia. Kisha akamwita jirani asikilize naye, isije ikawa ni masikio ya uzeeni. Jirani akasikiliza hadi ile kamasi ya pili, akapiga yowe.

Spoki alikimbia. Njia nzima alikuwa anapanga maneno ya kusema, na kila alipoyapanga yalikuja kwa sura ya mzaha, maana hakuwa na sura nyingine. Maisha yalikuwa yamempiga makofi mengi tangu utotoni na kila kofi alilijibu kwa utani. Alizika wazazi kwa utani, alifilisika duka la kwanza kwa utani. Kufika mlangoni akakuta viatu vimejaa barazani, akajua kwamba ghala la utani limefungwa.

Bi Mkubwa alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha. Uso ulikuwa umelowa. Ulikuwa pia umelegea, na hilo ndilo lililomvunja Spoki nguvu. Hakuwahi kujua kwamba miaka yote ile ulikuwa umekazwa. Wanawake walimpisha. Bi Mkubwa akanyoosha mkono akamshika kifundo cha mguu, kama vile asingeruhusu naye aende.

"Baba, ahsante," alisema. "Umemwacha na nani huko?"

Spoki akasema hakumwacha na mtu.

"Basi rudi. Asikae peke yake tena."

Alielekea mlango wa nyuma, akakwama jikoni. Akapiga simu kiwandani. Dada yake alifika na tepu ya kupimia bado iko shingoni, ameshasikia njiani. Hakulia. Alifunga mlango wa jikoni akamtazama kaka yake kwa yale macho ya utotoni, ya kujua nani kavunja kikombe.

"Mifupa gani, kaka?"

Spoki aliangalia viatu vyake.

"Mifupa ya mezani," dada akasema. "Fremu."

"Fremu."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda Spoki hakuweza kujua kama ni kilio au kicheko. Pengine hata mwenyewe hakujua. Alipotulia akauliza kama ana hakika ni ya Mbuzi. Spoki akamweleza chunusi. Dada akaitikia kwa kichwa, akashika tepu akaanza kuikunja kidoleni, akaikunjua, akaikunja tena. Kupitia mlango walimsikia Bi Mkubwa akilia, kilio kirefu kisicho na haraka, kama mtu anayetua mzigo, anaketi, ananyoosha mgongo.

"Usimwambie," dada alisema.

Spoki akadhani hakusikia vizuri.

"Hajawahi kulia, kaka. Toka siku ile. Leo amelia. Mwache."

Spoki akamwambia kwamba haiwezekani, watu watataka kuzika, yeye mifupa ya kuzikwa ataitoa wapi? Anaweza kuleta baiskeli kwenye sanduku, lakini watu wakilibeba watasikia inalia. Alijaribu kutabasamu. Dada hakutabasamu. Alisema anajua. Alisema anajua kila kitu anachotaka kumwambia, na kwamba ameomba tu.

Kwa hiyo Spoki alirudi sebuleni akapiga magoti mbele ya Bi Mkubwa, akamweleza. Alieleza vibaya, kwa kurudi nyuma na kujirudia, neno mifupa likimponyoka kila alipolikwepa. Nyuma ikasikika sauti ya mtu anavuta chai. Bi Mkubwa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, upande huu, upande ule, na ule uso ukaanza kukaza tena, polepole, kama nati inavyoingia. Akaomba ainuliwe. Akawashukuru watu kwa kuja kwao, akawaambia viti virudishwe kwa wenyewe kabla havijachafuka.

"Mwanangu hajafa," alisema. "Ni baiskeli."

Watu wakatafuta viatu vyao. Wengine walimpita Spoki bila kumtazama, wengine walimtazama mno.

Dada alimsindikiza hadi kwenye geti. Pale akamwambia, bila kupandisha sauti, "Umemzika mume wangu asubuhi, jioni haijaingia umeshamfufua. Mimi hujaniuliza hata mara moja."

Walifanya yanayofanywa. Fremu ilipelekwa kituoni, askari wa zamu akaizunguka, akaipiga teke la taratibu, akauliza kama kuna maelezo ya ziada. Hayakuwepo. Spoki alikwenda kwa Waziri wa Vyuma, na Waziri, ambaye safari hii hakutania, alisema ilikuja kwenye lori moja na vitanda, kutoka kwa mnunuzi mwingine, aliyenunua kwa mwingine, na kule mwanzo vyuma huokotwa na watu wasiojulikana, mabondeni, majalalani, popote. Na kunyanzi je? Waziri alijikuna shingo. Lori likishusha mzigo, alisema, kila kitu kinatupwa kichwa chini. Nusu ya vyuma vyangu vinapindia hapa hapa uwanjani.

Bi Mkubwa ndiye aliyeamua kilichofuata. Alikuja karakanani asubuhi na kiti chake cha kukunja, akakitandika mlangoni, akasema: "Itengeneze. Akija ataihitaji."

Spoki akaitengeneza. Alitafuta uma wa mbele wa umri ule ule, akapata uliopinda akaunyoosha. Alibandua kijani kilichobaki kwenye mabomba ya nyuma, akaiondoa kutu kwa brashi ya waya, ndani ya mabomba akamimina mafuta ya zamani akayazungusha. Kunyanzi alizifanyia kazi kwa moto na nyundo ndogo, taratibu, na alijua kwamba chuma kilichokunjwa hakirudi. Kinanyooka kwa macho tu. Alimwambia Bi Mkubwa kwamba baiskeli hii haitafaa tena kushuka milima. Bi Mkubwa alisema vizuri, milima imtoshe.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, dada alikuja peke yake. Bi Mkubwa alikuwa amekwenda kuswali au kulala, Spoki hakuuliza. Dada aliiinamia fremu, mikono mfukoni.

"Wewe husema chuma kinakuambia kila kitu," alisema. "Ukiona spoki imekatika unajua mtu alibeba nini na alikuwa na haraka gani. Sasa niambie. Hii ilianguka na mtu, au ilitupwa kwenye lori?"

Alisema hajui.

"Hujui, au unanihurumia?"

Hapo Spoki akaketi chini kwenye boksi la vifaa. Jambo lenyewe alikuwa amelijua siku kadhaa, akalilaza nalo likawa halilali. Akamweleza. Mtu aliipaka fremu kijani, baada ya kuiokota, kabla ya kuiuza. Kama ilikuwa imeshapinda, rangi ya geti ingetulia ndani ya kunyanzi, nene, nzima. Kama ilipindia uwanjani kwa Waziri, rangi ingekuwa imepasuka na kubanduka pale pale kwenye mkunjo. Kutazama tu kungetosha. Isingekuwa hoja ya kumpelekea hakimu, lakini moyo ungepata pa kushika.

"Na ilikuwaje?"

"Nilianza kusugua shingoni," Spoki alisema. "Nilikuwa natafuta zambarau. Nilikuwa na furaha."

Dada alitazama bomba la juu, limeng'aa, tupu kama kijiko. Akauliza kitambaa kiko wapi. Spoki akasema hata kingekuwepo kingekuwa rojo tu, na hakipo, kilichomwa na takataka. Akasema tena kwamba alikuwa na furaha. Ni neno baya sana kulisema mara mbili.

Dada hakumlaumu. Ingekuwa afadhali amlaumu. Alipitisha kidole juu ya mkunjo, huku na huko, kama anayepima kitambaa akijua hakitoshi. Alisema chuo kinataka jibu wiki hii. Kisha akarudi kazini.

Rangi alichagua Bi Mkubwa: zambarau, ile ile. Spoki aliipata karibu, haikufifia vizuri kuelekea fedha lakini kwa mbali ilidanganya. Akavika magurudumu, akavika mnyororo, akakaza breki. Kinyozi na wengine walikuja kuitazama, wakaisifu kwa sauti za chini kama watu walio wodini. Ilisimama katikati ya karakana ikiwa nzuri kupita kiasi, nzuri kuliko ilivyokuwa siku yoyote ya maisha yake na mwenyewe. Spoki aliitazama akajiona mjinga. Kazi bora aliyowahi kufanya, na haikumsaidia binadamu yeyote.

Kikabaki kiti. Kiti hupandishwa au kushushwa kulingana na miguu ya mpandaji, na kila fundi humwambia mteja apande kidogo, aweke kisigino kwenye pedeli. Spoki alishika spana, akainua macho, akagundua hana wa kumwambia hivyo.

Bi Mkubwa aliinuka kwenye kiti chake cha kukunja. Alisimama kando ya baiskeli, akaweka kiganja ubavuni pake, juu kidogo ya nyonga. "Hapa," alisema. "Akisimama nayo jikoni ilikuwa inanifika hapa." Spoki akalegeza nati, akavuta kiti juu mpaka kikagusa kiganja cha mama. Kirefu. Kwa kweli Mbuzi alikuwa mrefu; alikuwa amesahau.

Ndiyo kwanza amekaza nati, dada yake akaingia. Begi lilikuwa begani, si lile la kazini. Alisalimia, akamwamkia mama mkwe wake vizuri, akauzunguka usukani. Akaitazama baiskeli kwa muda. Kisha akapanua mguu akapanda, vidole vya miguu havikufika chini, akashuka.

"Kaka, shusha."

"Shusha mpaka wapi?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Mpaka nifike."

"Na mwenyewe akija?"

"Akija atapandisha."

Bi Mkubwa hakukasirika. Aliweka kiganja juu ya kiti, akakitandaza, kama mtu anayemtuliza mnyama. Alimtazama mkwe wake, akatazama begi, akarudi usoni.

"Na wewe utakuwa wapi akipandisha?"

Dada alimgeukia kaka yake, na Spoki akaona anachoulizwa ni kile kile cha siku ile karakanani: sema, wewe ndiye uliyeishika, ilianguka au ilitupwa? Akatazama mabomba. Zambarau safi ilimrudishia uso wake mwenyewe, mrefu, umevutwa na mviringo wa chuma. Alitamani kusema chochote. Hata utani. Aliutafuta.

Dada akaingiza mkono chini ya ule wa mama mkwe wake, akashika nguzo ya kiti, akaanza kuisukuma chini. Haikwenda, nati ilikuwa bado imekazwa. Bi Mkubwa hakuwa anakandamiza wala kuinua. Mkono wake ulikuwa umekaa tu pale, na dada hakuwa na moyo wa kuuondoa.

Spoki alipiga magoti, akaweka spana kwenye nati, na akasubiri mmoja wao aachie.